Safari fupi ya Mombasa kutoka Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudiwa zaidi na watu wa Kampala, Jinja, Mbale na Tororo wanaotafuta siku chache za pwani. Saa zote humu ni za Kiswahili: saa 2 asubuhi ndiyo inayoandikwa 08:00 kwenye tiketi, na saa 9 alasiri ni 15:00. Bei ni za shilingi ya Kenya isipotajwa vingine.

## Kupanga siku

Siku ngapi zinatosha?

Mombasa yenyewe inataka siku tatu kamili: moja ya ngome ya Fort Jesus na Mji wa Kale, moja ya ufukweni, na moja ya kurudi pale palipokupendeza. Tatizo si mji, ni barabara. Kampala hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 650, na Nairobi hadi Mombasa ni karibu 490 nyingine. Anayepita nchi kavu ahesabu mchana na usiku wake wa kwenda, na vivyo hivyo wa kurudi, kwa hiyo aombe likizo ya siku sita. Mwenye Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi tu, apande ndege au aahirishe. Saa chache za bahari kati ya siku mbili za kiti cha basi humrudisha mtu nyumbani amechoka kuliko alivyoondoka.

Usijaze Malindi na magofu ya Gede katika safari hiyo hiyo. Malindi iko kilomita 120 hivi kaskazini na itakula siku nzima. Ukitaka magofu, nenda Jumba la Mtwana karibu na Mtwapa: mji wa karne ya 14 uliobaki kuta na misikiti, na bahari iko pale pale chini yake. Asubuhi moja yatosha.

Mwezi gani ni mzuri?

Inategemea unafuata nini. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi: bahari tulivu, maji maangavu, na joto kali linalokufuata hadi chumbani. Kusi huanza Aprili na kuendelea hadi Septemba hivi: mawimbi, hewa nafuu, na mwani mwingi kwenye fuo. Masika hunyesha tangu mwisho wa Machi hadi Juni, na Mei ndiyo yenye mvua nyingi kuliko miezi yote. Vuli za Oktoba na Novemba huja na kupita.

Kwa anayetaka kuutembea mji kwa miguu, tunapendekeza Julai hadi Septemba. Kwa anayefuata maji, Januari na Februari. Siku za Krismasi hadi mwaka mpya ziepuke ukiweza, kwa sababu nauli hupanda, treni hujaa mapema, na kwenye fuo za kaskazini, Nyali hadi Bamburi, magari husimama.

Mbona naambiwa niangalie mwezi angani kabla ya kuchagua tarehe?

Kwa sababu bahari si ziwa. Ukiwa Entebbe, maji uliyoyaacha asubuhi utayakuta jioni. Mombasa maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mgeni akishuka Bamburi saa 4 asubuhi ya siku ya bamvua hukuta bahari imerudi mbali hadi karibu na mwamba wa matumbawe ulio mbele ya ufuko, mbele yake pamebaki mchanga, majani ya bahari na madimbwi. Wengi hudhani wamepelekwa ufuko mbaya. Ufuko ni ule ule, saa ndiyo si yake.

Kanuni ni rahisi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hupwa kabisa kama saa 4 au saa 5 asubuhi na kujaa kama saa 10 au 11 jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: tofauti ni ndogo, na maji hujaa katikati ya asubuhi. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anazo tayari: tarehe 1 hadi 3 na 14 hadi 17 ni za bamvua.

Kwa hiyo familia inayotaka watoto waogelee asubuhi ichague wiki ya mwezi nusu. Anayetaka kutembea mwambani kuona samaki na viumbe wa madimbwini achague bamvua, avae viatu, na ageuke kurudi mara tu maji yanapoanza kupanda. Saa kamili zimo katika jedwali la maji la bandari ya Kilindini, linalopatikana bure kwenye intaneti.

Nikienda Ramadhani nitakosa chakula?

Hutakosa. Mchana mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa, lakini ya katikati ya mji na ya hoteli huendelea. Usile wala kunywa barabarani mbele ya watu waliofunga. Baada ya magharibi vichochoro hujaa kaimati, sambusa, bhajia, uji na tende, na watu hukaa barazani hadi usiku mwingi. Kwa mpenda chakula, huo ni msimu wa kuufuata kabisa.

## Njia ya kufika

Basi, treni au ndege?

Uganda Airlines huruka Entebbe hadi Mombasa bila kupitia Nairobi, safari isiyofika saa mbili angani. Haiondoki kila siku, hivyo angalia ratiba kwanza ndipo uombe likizo.

Basi la moja kwa moja Kampala hadi Mombasa lipo. Ni rahisi kulipanda na gumu kulikalia. Njia inayotunza mgongo ni basi hadi Nairobi, kisha treni ya SGR. Ofisi kadhaa za mabasi ya Kenya ziko Barabara ya De Winton, Kampala, karibu na ukumbi wa maigizo wa taifa (National Theatre). Kata tiketi ofisini, si kwa mtu anayekufuata barabarani, na uulize mambo mawili kabla ya kulipa: basi linapita Busia au Malaba, na linashusha wapi Nairobi.

Tiketi ya SGR inapatikanaje?

Kwa kupiga *639# ukiwa na laini ya Kenya, kwa tovuti ya shirika la reli la Kenya, au dirishani steshini. Njia mbili za kwanza hulipwa kwa M-Pesa, na hapo ndipo Waganda wengi hukwama. Mwombe ndugu au rafiki aliye Kenya akukatie, umrudishie pesa kwa simu. Mpe jina na nambari ya hati utakayosafiri nayo, ile ile, kwa sababu mlangoni tiketi na hati hulinganishwa. Kutegemea dirisha siku ya safari ni kubahatisha, hasa Ijumaa na Jumapili.

Tangu Januari 2024 nauli ya Nairobi hadi Mombasa ni 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Treni za kila siku ni tatu: ya saa 2 asubuhi inayosimama vituo vya njiani kama Mtito Andei na Voi, ya saa 9 alasiri inayokwenda moja kwa moja, na ya saa 4 usiku. Safari huchukua saa tano hadi sita. Fika saa nzima kabla. Mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, kisha hupita kwenye mashine. Pombe na visu hubaki hapo.

Ukielekea Mombasa, kaa upande wa kulia: Kilimanjaro, ikiwa haina mawingu, huonekana upande huo. Tembo wa Tsavo, wekundu kwa udongo wa huko, huonekana pande zote mbili.

Basi langu linaingia Nairobi alfajiri. Nitaiwahi treni ya saa 2?

Usijaribu. Foleni moja ya malori kabla ya mpaka, au ukaguzi mrefu wa mizigo, hutosha kulichelewesha basi saa mbili. Tena steshini ya SGR haiko katikati ya Nairobi, iko Syokimau, na asubuhi Mombasa Road hufungana magari. Kata ya saa 9 alasiri. Utapata muda wa kuoga, kula na kupanda treni ndogo inayotoka steshini kuu ya Nairobi kuwapeleka abiria Syokimau. Utaingia Mombasa saa 2 au 3 usiku, wakati ambao bado usafiri ni mwingi.

Ya saa 4 usiku hufika kabla ya alfajiri. Inafaa tu kwa mwenye chumba kilicholipiwa kinachompokea saa hizo.

Mpakani nifanye nini?

Busia na Malaba ni vituo vya pamoja: ukitoka Uganda, maafisa wa nchi zote mbili unawakuta katika jengo moja upande wa Kenya. Unashuka, unapita dirisha la Uganda la kutoka, kisha la Kenya la kuingia. Makosa yanayorudiwa ni mawili. La kwanza ni kuruka dirisha la Uganda kwa sababu foleni ya Kenya ni fupi. Utaulizwa siku ya kurudi kwa nini huna alama ya kutoka. La pili ni kupotea na wabadilisha pesa huku basi linaondoka. Piga picha nambari ya gari, chukua simu ya kondakta, na umjue kwa sura jirani yako wa kiti.

Kaveera usiivuke nayo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake ni nzito. Hamisha vitu kwenye mfuko wa kitambaa ukiwa nyumbani, pamoja na ile kaveera ndogo uliyofungia viatu.

Kutoka steshini ya Mombasa hadi mjini?

Steshini iko Miritini, upande wa bara, si kisiwani. Nje kuna matatu za mjini na magari ya kukodi, na Uber na Bolt hufanya kazi. Wanaokuja kwa basi hushuka Mwembe Tayari au karibu na hapo, katikati ya kisiwa. Wa ndege hutua uwanja wa Moi, nao pia uko bara, upande wa Changamwe.

Kama unalala Diani au Tiwi, fuo za kusini, mwambie dereva apite barabara ya Dongo Kundu badala ya kuingia kisiwani na kusubiri feri ya Likoni.

## Hati na afya

Ndaga muntu inatosha?

Mganda huingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa au pasipoti, na hahitaji viza. Tunashauri pasipoti kwa mwenye nayo, kwa sababu mbili: muhuri wake ni ushahidi usiopotea kama karatasi, na ndiyo unayoandikishia laini ya simu Kenya. Kitambulisho kilichokwisha muda, hali za watoto na za wakimbizi zimejibiwa mwishoni.

Kadi ya homa ya manjano inaulizwa kweli?

Inaulizwa, hata kama jirani yako alipita bila kuulizwa. Uganda imo katika nchi zenye homa ya manjano, na dawati la afya mpakani lina haki ya kukuzuia. Sindano huanza kuhesabika siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchanjwa Alhamisi kwa safari ya Jumamosi hakusaidii. Ukishachanjwa, kadi ni ya maisha. Hakikisha jina lake na la hati yako ni moja. Wanaonunua kadi bila sindano wanajihatarisha wenyewe na watu wa nyumba watakayolala.

Malaria ipo pwani kama ilivyo kwetu, kwa hiyo lala ndani ya chandarua. Maji ya bomba usiyanywe. Nyumba nyingi za kisiwani hutumia maji ya kisima yenye chumvi, na utaigundua ukisukutua tu.

## Pesa na simu

Nibebe shilingi za wapi?

Badilisha Kampala kiasi cha siku ya kwanza, kwenye duka la fedha lenye leseni. Wabadilishaji wa mpakani si wezi wote, lakini giza, haraka ya basi na noti ngeni ni mchanganyiko mbaya. Ukilazimika, hesabu mwenyewe noti kwa noti kabla ya kutoa zako, na akizichukua tena ili akuongezee kidogo, hesabu upya tangu mwanzo.

Shilingi moja ya Kenya ni kama 28 za Uganda, hupanda na kushuka kidogo. Kinachowaponza wageni ni sifuri. Mtu aliyezoea kulipa maelfu husikia "mia tano" akaona ni bure, kumbe ni 14,000 za Uganda. Chumba cha 4,000 ni 112,000. Zidisha kwa 28 kila mara, hadi siku ya mwisho.

Lazima niwe na M-Pesa?

Si lazima, lakini utasumbuka bila hiyo. Muuza madafu, dereva wa tuktuk na mlango wa makumbusho wote huipendelea. Fika duka la Safaricom na pasipoti, andikisha laini, fungua M-Pesa. Kisha jitumie kutoka MTN MoMo yako. Fanya hivyo ukiwa bado Nairobi, unaposubiri treni.

## Malazi na kuzunguka

Nilale kisiwani, Nyali au kusini?

Kwa safari ya siku tatu, lala kisiwani usiku wa kwanza na wa pili, hasa ndani au ukingoni mwa Mji wa Kale, kwa sababu uzuri wake uko saa 12 hadi saa 4 asubuhi na tena baada ya alasiri. Anayelala Bamburi huja na foleni, hufika jua likiwa kichwani, huona ngome na kuondoka bila kuuona mji. Usiku wa tatu hamia Nyali au Bamburi kwa bahari. Diani ni nzuri kuliko zote kwa mchanga, ila ni safari nyingine, na siku tatu hazitoshi kuigawa.

Kabla ya kulipa uliza: feni au kiyoyozi, chandarua, maji ya akiba, na jenereta. Joto la Februari bila feni halilaliki. Mji wa Kale una misikiti mingi, nawe utaamka kwa adhana ya alfajiri. Nyumba za kupangisha zinazotangazwa kwa picha tu usizilipie zote mapema. Toa kianzio kidogo, mengine ulipe ukiwa mlangoni.

Tunapanda nini mjini?

Kinachoitwa taksi Kampala, Mombasa ni matatu. Tuktuk ndizo za safari fupi. Patana kabla ya kuingia, na simu usiishike upande wa nje. Boda zipo. Mji wa Kale ni wa miguu, vichochoro vyake havitaki gari.

Feri ya Likoni ni bure kwa mwenda kwa miguu. Shika begi mbele, tembea na umati, na usipige picha pale. Ni marufuku, kama ilivyo bandarini na kwenye kambi za jeshi.

## Mji wa Kale na Fort Jesus

Fort Jesus inataka muda gani, na niangalie nini?

Saa mbili, kuanzia saa 2 asubuhi inapofunguliwa. Ikifika saa 5 kuta za matumbawe hurudisha joto lote usoni. Kiingilio hutofautiana kati ya Wakenya, watu wa Afrika Mashariki na wageni wengine, kwa hiyo onyesha hati yako, la sivyo utatozwa cha juu. Malipo ni ya simu au kadi.

Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miezi 33, watu wa ndani wakifa kwa maradhi na njaa zaidi ya risasi. Waingereza waliifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958, na mwaka 2011 UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia. Hapo hapo Mombasa, mwaka 1896, ndipo reli ya Uganda ilipoanza kutandikwa, ikafika Kisumu mwaka 1901.

Usipite mbio. Kwanza ingia chumba cha makumbusho uone vitu vya Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama chini ya ngome mwaka 1697 wakati wa mzingiro ule: vyungu, mizinga, vipande vya mbao vilivyolala baharini karibu miaka mia tatu. Kisha michoro ya ukutani iliyochorwa na Wareno waliokaa humo, merikebu zenye matanga na watu, mingine ni mikwaruzo tu ya mtu aliyesubiri msaada. Halafu ukumbi wa Mazrui wenye maandishi yaliyochongwa kwenye mbao, na mwisho panda nyumba ya Waomani juu ya ukuta. Ukisimama pale ndipo utaona kwa nini ngome ikawekwa hapo: kila chombo kinachoingia bandari ya kale lazima kipite mbele ya mizinga.

Mwongozaji anafaa. Chukua mwenye kitambulisho, mpatane bei na muda kabla ya hatua ya kwanza. Anayekuambia "utanipa chochote" ndiye mtakayegombana naye mwishoni.

Nikitoka ngomeni nielekee wapi?

Ngome ikiwa mgongoni, shika barabara ya Sir Mbarak Hinawy hadi bandari ya kale na soko la samaki, kisha rudi kwa Ndia Kuu. Inua macho: roshani za mbao zilizochongwa ziko ghorofa ya kwanza, wengi huzikosa kwa kutazama maduka. Msikiti wa Mandhry na mnara wake mweupe mfupi ni wa mwaka 1570, mkongwe kuliko ngome yenyewe. Ndani ya misikiti usiingie bila kuruhusiwa. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Leso moja begani humaliza tabu hiyo.

Ukipita penye wazee barazani, toa salamu kwanza. "Shikamoo" au "asalaam aleikum" hufungua milango ambayo swali la ghafla la njia huifunga. Kiswahili cha Kampala kinaeleweka vizuri, usione haya. Picha za watu, hasa akina mama, ni kwa ruhusa.

Ninunue nini, na wapi?

Viungo viko soko la Marikiti. Nunua vizima: iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Vya kusaga hupoteza harufu kabla hujafika Malaba, na ni rahisi kuchanganywa. Vunja punje moja ya iliki: mbegu ziwe nyeusi zenye unyevunyevu, zikiwa kahawia kavu songa duka lingine.

Leso ziko Biashara Street. Huuzwa doti, yaani vipande viwili vilivyounganika, na mafundi wenye cherehani hukata na kupinda pale pale. Soma maandishi ya leso kabla ya kulipa. Mengine ni ya mapenzi, mengine ni ya kumpiga mtu kijembe, na mama mkwe atayasoma.

Magamba ya kasa na matumbawe usinunue kabisa. Ni haramu kisheria, na bahari ile inayahitaji.

## Chakula na bahari

Nile nini nisichokipata nyumbani?

Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi. Jioni viazi karai vya moto na maji ya ukwaju, mishkaki, na muhogo wa kukaanga wenye ndimu na pilipili pale Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari, chini ya mibuyu, meli zikipita karibu. Mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka, au pilau ya Ijumaa. Dafu linywe lililofunguliwa mbele yako, kisha uombe likatwe ule nyama yake. Kahawa tungu huja katika kikombe kidogo na kashata. Matooke yasahau, posho utaipata kwa jina la ugali.

Ni salama kuogelea?

Ndani ya mwamba, maji yakiwa yanajaa, Nyali hadi Bamburi ni salama kwa mtu wa kawaida. Kichocho cha ziwani hakipo kwenye maji ya chumvi. Hatari ni nyingine: mkondo unaovuta penye nafasi katika mwamba maji yanapotoka, na viumbe weusi wa miiba mirefu wanaokaa kwenye mawe. Vaa viatu vya mpira. Ukivutwa, usipambane na mkondo uso kwa uso, ogelea sambamba na ufuko hadi uachie. Mtoto asiingie bila mtu mzima wa kumfikia kwa mkono.

Mashua za kioo chini kuelekea hifadhi ya bahari huondoka Bamburi. Kuna ada ya hifadhi mbali na bei ya mashua, kwa hiyo uliza kama imo, na usipande bila jaketi la kuokolea.

## Hali za pekee

Kitambulisho changu kimekwisha muda.

Vitambulisho vya kwanza vilivyotolewa 2014 na 2015 vilikuwa vya miaka 10. Hata Uganda ikikiongezea muda kwa matumizi ya ndani, afisa wa Kenya husoma tarehe iliyochapishwa. Tumia pasipoti, au omba kibali cha muda cha kusafiria kwa uhamiaji kabla ya siku ya safari.

Nasafiri na mtoto asiye wangu, au bila mzazi mwenzangu.

Beba pasipoti ya mtoto, nakala ya cheti cha kuzaliwa, na barua ya idhini iliyosainiwa na mzazi asiyekuwepo, pamoja na nakala ya kitambulisho chake na nambari ya simu inayopokewa. Maafisa huuliza kwa ajili ya kulinda watoto, na mpakani usiku si mahali pa kuanza kutafuta barua.

Mimi ni mkimbizi niliyeandikishwa Uganda. Naweza kwenda?

Kadi ya ukimbizi peke yake haikuvushi. Unahitaji hati ya kusafiria ya wakimbizi, ambayo maombi yake hupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Ianze miezi kadhaa kabla, wala usilipe nauli kabla haijawa mkononi. Kuvuka kwa njia za panya kunaweza kukuharibia hadhi yako kote kuwili.

Naweza kwenda na gari langu?

Unaweza. Beba kadi ya umiliki, au barua ya mwenye gari kama si lako, na bima ya kadi ya njano ya COMESA. Hii si ile kadi ya homa ya manjano, na kila mara kuna mtu anayefika mpakani na moja akidhani ni zote mbili. Gari litapewa kibali cha muda upande wa Kenya. Soma tarehe yake ya mwisho, kwa kuwa kupitisha muda kuna faini.

Tukiulizwa, tungekuambia liache Nairobi mahali penye ulinzi upande treni. Barabara ya Nairobi hadi Mombasa ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mizigo ya Uganda kutoka Kilindini. Sehemu kubwa ni njia moja kila upande, na malori hupitana milimani. Ukiamua kuendesha, ondoka Nairobi saa 12 asubuhi, pumzika Mtito Andei, na uwe umeingia kisiwani kabla ya jua kuzama. Feri ya Likoni hulipisha gari, hata kama abiria wake wangevuka bure kwa miguu.